Punje za Bluu

Kila siku baada ya masomo Kidole alivuka barabara, akaingia kwenye lango la karakana alikofanya kazi mama yake, akamwamkia mlinzi, akavua viatu mlangoni na kuvaa kandambili za plastiki zilizowekwa kwa ajili ya wageni. Kisha aliketi kwenye meza ya chumba cha nje na kufanya kazi yake ya nyumbani, au kujifanya anaifanya. Shuleni alikuwa na jina jingine kabisa, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia. Alikuwa mtoto asiyeamini macho yake mpaka aguse. Ukuta ukipakwa rangi, aligusa. Pasi ikiwekwa mezani, aligusa, na kovu la siku hiyo alikuwa nalo bado. Ndipo shangazi yake akampachika jina la Kidole, nalo likamganda.

Karakana hiyo haikutengeneza viti wala magari. Ilitengeneza sponji za kuzibia mishipa ya damu iliyoharibika. Watu wakisikia sponji hufikiria godoro, na Mama Kidole alikuwa amechoka kuulizwa na majirani kama anaweza kuwapatia moja. Sponji ya karakana ilikuwa ya plastiki maalumu, nyepesi, yenye matundu tele, na ilikuwa na tabia moja ya ajabu: ilikumbuka umbo lake. Mama aliikata vipande vidogo kama gololi, akavipasha moto vikalainika, akavibana kwa mashine mpaka vikawa vyembamba kama njiti za kiberiti, kisha akavipoza vikiwa vimebanwa hivyo hivyo. Vikishapoa havikufunguka tena. Vilibaki vijiti. Lakini kijiti kikiingia kwenye damu yenye joto, kililainika taratibu, kikajitanua na kurudi kuwa sponji kama mwanzo.

Nyumbani kwao hakuna aliyehitaji kuelezwa faida ya jambo hilo. Shangazi, ambaye alikuwa dada yake baba na fundi cherehani, aliishi nao, na ugonjwa huo wa mishipa alikuwa nao mwenyewe. Mshipa mmoja mkubwa tumboni mwake ulikuwa umedhoofika upande mmoja, ukafura kama tyubu ya baiskeli iliyochakaa inavyofura mahali palipolegea. Daktari alisema ukiachwa unaweza kupasuka. Alikuwa amepanga kupitisha mrija mwembamba kutokea pajani mpaka kwenye uvimbe huo, asukume vile vijiti ndani yake, na kuviacha vijitanue. Damu ingenasa kwenye matundu ya sponji, ingeganda, na ule upande dhaifu usingesukumwa tena.

Shangazi aliyachukua yote hayo kwa mzaha. Alisema mshipa wake umenenepa kabla ya mwenyewe, na kwamba hiyo ni dharau. Hata hivyo alikuwa ameacha kuinua ndoo, na cherehani yake ilikuwa imefunikwa kitambaa kwa muda mrefu. Baba, dereva wa malori, alipiga simu kutoka safarini kila jioni kumuuliza hali, jambo ambalo hakuwahi kulifanya zamani.

Adui wa vijiti alikuwa unyevu. Kijiti kikikaa kwenye hewa yenye unyevu, kililegea ndani kwa ndani, na kikishalegea kilihitaji joto dogo tu kufunguka. Kwa macho hakikubadilika hata kidogo. Kwa hiyo vijiti vilivyokwisha kujaribiwa viliwekwa kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko cha kukaza. Vilikaa juu ya kichujio, na chini ya kichujio kulikuwa na punje za kunyonya unyevu. Punje hizo zikiwa kavu zilikuwa za bluu, na zikishiba unyevu ziligeuka rangi ya waridi. Kanuni ya karakana ilikuwa fupi. Chupa ikiwa ya bluu, vijiti vinafungwa kwenda hospitali. Ikiwa ya waridi, vinatupwa vyote.

Kidole alizijua punje hizo kuliko alivyolijua jedwali la kuzidisha. Mama alikuwa amempa kazi moja tu mle ndani. Punje za waridi zilizotolewa kwenye makabati ya kukaushia alizimwaga kwenye sinia ili ziende kwenye oveni, na zilizokauka zikarudi kuwa za bluu alizijaza kwenye kopo lililokaa chumba cha nje. Kazi hiyo ilimpa kiburi kidogo, na hicho kiburi alikwenda nacho darasani.

Darasani aliketi na mvulana aliyeitwa Wakili, kwa kuwa hakuna jambo alilolikubali bila kulibishia. Kidole alipomwambia kwamba mama yake anatengeneza sponji inayokumbuka, Wakili alitaka kujua itakumbukaje na haina kichwa. Walibishana kwenye foleni ya bomba, wakabishana wakati wa kufagia darasa, mpaka mwalimu akawatenganisha. Mwishowe Kidole alimwambia aje akaone mwenyewe.

Siku waliyokwenda, mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Kabati la kukaushia lililokuwa chumba cha ndani lilikuwa limeharibika, na fundi umeme alikuwa amelifungua likabaki matumbo nje. Mama alikuwa ameiondoa chupa iliyokuwa humo, akaiweka kwa muda kwenye meza ya dirishani, chumba cha nje, halafu akaitwa ndani kumshikia fundi tochi.

Kidole alijua kabisa kwamba chupa hiyo haifunguliwi. Alijua, na akaifungua. Alitoa kijiti kimoja kwa ncha za vidole na kumwekea Wakili kiganjani.

Wakili alikigeuza huku na huku. "Hiki ni kijiti cha kuchokolea meno," alisema.

Kidole alimweleza kwamba kinangoja joto la damu. Wakili alijibu kwamba basi hajaona kitu, na asichokiona hakikubali. Kabla ubishi haujakolea, kandambili za mama zikasikika ukumbini. Kidole alikirudisha kijiti, akakitua kifuniko juu ya chupa, akaketi na kufungua daftari. Mama aliingia, akaamkiwa na mgeni, akamuuliza habari za nyumbani kwao, akachukua bisibisi na kurudi ndani. Hakuna kilichovunjika wala kumwagika. Kifuniko kilikuwa juu ya chupa, ila hakikuwa kimekazwa. Fundi umeme hakumaliza kazi siku hiyo, na chupa ikalala palepale dirishani.

Kesho yake Kidole alipoingia, macho yake yalikwenda dirishani yenyewe. Punje zote zilikuwa za waridi.

Aliigusa chupa, akakigusa kifuniko, nacho kikateleza kwa urahisi wa kitu ambacho hakikukazwa. Aliogopa. Aliwaza mama atakavyosema, kisha akawaza atakavyonyang'anywa kazi ya punje, kisha akamwaza Wakili akicheka. Mama alikuwa ndani bado na fundi wake, na mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Kumwita kungehitaji neno moja.

Kidole hakulisema. Alikiinua kichujio pamoja na vijiti vyake, akamwaga punje za waridi kwenye sinia, akachota za bluu kutoka kwenye kopo na kuijaza chupa. Halafu akakaza kifuniko mpaka mkono ukamuuma. Chupa ikawa inapendeza kuliko siku ya kwanza. Alijiambia kwamba unyevu ulikuwa kwenye punje, punje zimetoka, basi na unyevu umetoka nazo. Alikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba hilo si kweli, lakini alilishika kwa sababu lilimfaa.

Jumamosi asubuhi mama alikunywa chai amesimama, mkoba begani. Alisema anakwenda kufunga vijiti vya ile chupa ya dirishani, na saa sita dereva wa hospitali atakuja kuvichukua.

"Na vyako vimo humo humo, wifi," alimwambia Shangazi. "Nimevibana mwenyewe. Jumatatu ukilala pale mezani, ujue ni mimi niko ndani."

"Haya, ingia kwa adabu," Shangazi alijibu. "Usinivurugie utumbo."

Wakacheka wote wawili. Kidole aliurudisha mkate wake kwenye sahani. Mama aliondoka.

Hospitali ilikuwa imemwagiza Shangazi afike na kucha fupi zisizo na rangi, kwa sababu kuna kifaa atakachobanwa kwenye kidole wakati wa matibabu. Alipenda kucha zake ndefu na rangi yake nyekundu, na kucha za mkono wa kulia zilimshinda kuzikata mwenyewe. Kwa hiyo ilipokaribia saa sita aliketi karibu na dirisha, akamwita Kidole na kumpa mkasi mdogo na kitambaa chenye dawa ya kuondoa rangi. Kidole alianza na dole gumba. Alikuwa na mikono mizuri kwa kazi ndogondogo.

"Shangazi," alisema alipomaliza ukucha wa pili, "kijiti kikifunguka njiani, kabla ya kufika?"

"Hakifunguki."

"Kikifunguka?"

"Hakifunguki, mwanangu. Ametengeneza mama yako." Shangazi alikuwa anatazama nje, ametulia kabisa. "Unadhani mimi siogopi? Naogopa sana. Lakini nikimkumbuka yeye na ile mashine yake, napata usingizi."

Kidole aliacha kukata. Alijaribu kuendelea, akashindwa, akauweka mkasi chini. Kisha akasema yote: chupa, Wakili, mvua, punje za waridi, punje za bluu. Aliyasema haraka bila kupumua, na alipofika mwisho akalia.

Shangazi hakumpiga wala hakupaza sauti. Alikaa akiutazama mkono wake, ambao ulikuwa na kucha mbili fupi na tatu nyekundu. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Kidole, aliyezoea kumwona akitania, aliona woga wenyewe bila kifuniko. Hilo lilimuumiza kuliko ambavyo kofi lingemuumiza.

"Vaa viatu," Shangazi alisema mwishowe. "Simu ya mama yako hufungiwa kabatini akiwa kazini, namba ya karakana sina, na mimi nimekatazwa kukimbia. Nenda kaseme mwenyewe. Nakuja nyuma taratibu."

Kidole alikimbia njia nzima. Alipofika langoni dereva wa hospitali alikuwa tayari na boksi kwapani, anasaini kwa mlinzi na kuzungumza naye habari za mpira. Kidole alimshika mkono wa shati na kumwambia boksi hilo lisiondoke. Dereva alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, akamuuliza tangu lini watoto wanatoa amri za hospitali. Mlinzi, aliyemjua mtoto huyo na machozi yake, alimwambia dereva asubiri kidogo, soka halikimbii.

Ndani, mama alikuwa na Mhandisi, mwanamke wa makamo aliyeongoza karakana, mtu wa maneno machache ambaye Kidole alimwogopa hata siku ambazo hakuwa na kosa. Angependa kumwita mama pembeni. Alimwona dereva kupitia dirisha, akaona hakuna muda wa pembeni. Akasimama katikati ya chumba na kusema kwa mara ya pili. Safari hii hakulia, na alianza na jambo alilotaka zaidi kulificha.

"Nilibadilisha punje," alisema. "Zilikuwa za waridi. Nikaweka za bluu."

Mhandisi alitoka, akarudi na boksi.

Walijaza beseni maji yenye joto la mwili, wakalaza humo mrija unaoonyesha ndani, mwembamba kama ule wa daktari. Mhandisi alichukua kwanza kijiti cha chupa nyingine ambayo haikuwahi kutoka chumba cha ndani. Akakisukuma kwa waya. Kilipita mrija wote, kikatokea upande wa pili, kikaelea kidogo, halafu polepole kikaanza kujaa mpaka kikawa sponji ya mviringo. Kidole alikuwa ameona jambo hilo mara nyingi, na kila mara lilimfurahisha. Leo hakufurahi.

Kisha Mhandisi akachana pakiti moja ya boksi. Kijiti kilifanana na kile cha kwanza kabisa. Aliingiza waya, akasukuma. Kilikwenda, kikapunguza mwendo, na katikati ya mrija kikasimama. Wote watatu walikiona kikivimba humo ndani mpaka kikagusa kuta. Mhandisi alisukuma tena, na waya ukapinda.

Mama alikalia kigoda. "Huo ni mshipa wa wifi yangu," alisema kwa sauti ndogo.

Mhandisi alimweleza Kidole bila ukali, kama anayemweleza fundi mwenzake. Kijiti hicho kingenasa kwenye mrija wa daktari, au kibaya zaidi, kingefunguka ndani ya mshipa usio na ugonjwa na kuziba damu inayotakiwa kupita. Vya boksi hilo vingewekwa kwa Shangazi na kwa wagonjwa wengine wa wiki hiyo.

"Na mimi niliiacha chupa dirishani," mama alisema. "Hilo ni langu."

"Ni lako," Mhandisi alikubali. Akachukua simu ya mezani kuipigia hospitali. Shangazi alipofika, akihema kidogo, alikuta vijiti vyote viko kwenye pipa la taka.

Kusema kweli hakukumaliza mambo palepale. Kabati lilikuwa bado halijapona, vijiti vipya vilihitaji kukatwa, kubanwa na kujaribiwa, na matibabu yakasogezwa mbele. Mzee mmoja aliyekuwa amesafiri kutoka mbali kwa ajili hiyo alirudi kwao kusubiri. Shangazi alisubiri nyumbani, na uvimbe wake tumboni. Akikohoa tu, Kidole alikuja mbio. Akichelewa kutoka bafuni, Kidole alisimama mlangoni akijifanya anatafuta ufagio. Mama hakumpiga, ila alimkataza kuvuka lango la karakana, na kwa siku nyingi alisema naye mambo ya lazima tu. Kidole alifanya kazi zake za shule kwenye benchi la mlinzi, akasikiliza habari za mpira mpaka akazijua.

Wakili alipopata habari, kwa mara ya kwanza hakubisha. Alikwenda mwenyewe kwa Mama Kidole, akamwamkia, akasema kijiti kile alikishika yeye na ubishi ulikuwa wake. Mama alimsikiliza, akamshukuru, akampeleka naye kwenye benchi la mlinzi.

Siku ya matibabu ilipofika, Kidole alikwenda shule kwa kulazimishwa. Mchana alimkuta mama langoni akimngoja, jambo lisilo la kawaida, akasita kuvuka barabara. Lakini mama alikuwa anatabasamu. Vijiti vimepita vyote, alisema. Vimefika, vimejaa, vimekaa. Daktari ameona kwenye picha kwamba damu haiingii tena kwenye uvimbe. Shangazi ameamka, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza rangi yake ya kucha iko wapi.

Kidole alilia pale langoni mbele ya mlinzi, na hakuona aibu.

Wiki iliyofuata mama alimwambia avue viatu aingie. Mezani palikuwa na sinia, kopo, na chupa ya kioo yenye punje za bluu. Mama aliketi mbele yake.

"Kazi yako nakurudishia," alisema. "Lakini kwanza nisikilize. Kufungua chupa lilikuwa kosa la kitoto. Ungeniita siku ile, ningekugombeza, tungetupa vijiti, na yangeishia hapo. Punje hizi hatuziweki ili chupa ipendeze. Zinatuambia habari mbaya mapema, tukiwa bado tunaweza kufanya kitu. Wewe uliifuta habari, ubaya ukaubakiza ndani, halafu ukakaza kifuniko. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Ulichelewa kusema. Ila ulisema, na shangazi yako yuko hai nyumbani ananung'unikia uji. Siku nyingine usichelewe. Kosa likisemwa linapata watu wa kusaidia kulirekebisha. Likifichwa, huwa na wewe peke yako, nawe huliwezi."

Mama akainuka kurudi kwenye mashine yake. Kidole alichukua sinia na kopo, akaenda kwenye makabati kukusanya punje. La kwanza lilikuwa sawa, na la pili. Kwenye la tatu, lile lililokuwa limeharibika na ambalo punje zake ziliwekwa jana tu, aliona pembeni, karibu na bawaba, punje chache zimeanza kugeuka waridi. Safari hii hakuwa ameliacha wazi yeye wala mtu mwingine. Kopo la bluu lilikuwa karibu yake, na mkono wake, kwa mazoea, ulishaanza kunyanyuka.

Akaurudisha mgongoni, akaushika kwa mkono mwingine.

"Mama," aliita. "Njoo uone."